Chikanda Isiwepo Usiku wa Chakula

Kamati ya Usiku wa Chakula imetuma orodha ya mwaka huu, na kati ya wali wa nazi, mchuzi wa pweza, matoke na sambusa nimeona neno moja lililonifanya nimwombe mhariri nafasi hii: chikanda. Wenzetu wanafunzi kutoka Zambia, ambao safari hii tunaandaa nao, wamejitolea kuleta unga wake kutoka nyumbani. Katika kikundi chetu cha simu watu walishangilia. Mmoja akauliza ni nyama ya nini. Akajibiwa kwamba si nyama, ni mzizi fulani.

Mzizi fulani huo ni okidi. Si okidi ya dukani iliyofungwa karatasi inayong'aa, bali okidi ya porini, inayochimbwa na kiazi chake. Sehemu kubwa ya viazi hivyo, kabla ya kuwa unga wa Lusaka, ilikuwa ardhini Tanzania, Nyanda za Juu Kusini, upande ambao mimi na baadhi yenu tumetoka. Naiomba kamati ikifute chakula hicho kwenye orodha. Najua ombi langu litawaudhi watu ninaowapenda, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Nianze na chakula chenyewe, maana kina haki yake. Viazi hukaushwa na kutwangwa vikawa unga. Unga huo huchanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi kidogo, ukapikwa mpaka ukashikana. Ukipoa hukatwa vipande kama keki. Rangi ni ya kahawia, na mguso wake ni laini wa kuvutika kidogo, ndiyo maana Wazambia wenyewe hukiita kwa utani poloni ya Kiafrika, ingawa hakina hata chembe ya nyama. Asili yake ni kwa Wabemba wa kaskazini. Leo kinauzwa Lusaka barabarani, sokoni na hata kwenye supamaketi. Upande wa Malawi viazi hivi vina jina la kinaka. Ni kitamu, na anayesema si kitamu hajakila kikiwa kimepikwa vizuri.

Sasa ardhi kinakotoka. Anayetoka Mbeya kwenda Makete kwa njia ya juu hupita Kitulo, uwanda wa nyasi ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Juni na Julai asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Mvua zikianza Novemba, uwanda huo hubadilika, na mpaka Aprili maua huchanua kwa zamu. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wakapaita Serengeti ya Maua, jina ambalo silipendi sana, kana kwamba kila kitu kizuri cha Tanzania lazima kipimwe kwa nyumbu. Mwaka 2005 pakawa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba zipatazo 413, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Humo kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini.

Nasema za ardhini kwa makusudi. Wengi wetu tukisikia okidi ya kitropiki tunawaza msitu wenye ukungu na ua linaloning'inia kwenye tawi. Hizo zipo, na nyumbani tunazo nyingi: Usambara na Uluguru kuna Angraecum na Aerangis, nyeupe, zinazotoa harufu usiku ili kuwaita nondo. Pwani na nyika kuna Ansellia africana yenye madoadoa ya chui, ambayo huota hata juu ya mbuyu. Okidi za Kitulo hazipandi mti. Ni za majani mafupi na baridi: Disa, Satyrium, Habenaria, Brachycorythis na nyinginezo. Wakati wa kiangazi hufa juu zikabaki chini, na kinachozivusha mpaka mvua inayofuata ni kile kiazi.

Hapa ndipo penye shida yote, naomba mnifuate. Okidi ya namna hii ukiichimba unakuta viazi viwili. Kimoja kimekunjamana, hicho ni cha mwaka jana, kimeshalisha shina na ua unaloliona. Cha pili ni kigumu, kimejaa. Hicho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji wa chikanda huchukua kile kilichojaa, kwa sababu ndicho chenye wanga. Kwa maneno mengine, huchukua mmea wa mwakani. Na ili ajue pa kuchimba inambidi aone shina au ua, maana wakati wa kiangazi hakuna cha kuona, hivyo mara nyingi jembe hufika kabla mbegu hazijamwagika.

Mtu atasema basi na mbegu zimwagwe. Mbegu ya okidi ni kama vumbi. Haina akiba ya chakula kama harage au punje ya mahindi. Imesafiri mikono mitupu. Ikianguka udongoni haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina inayomfaa, ambaye huilisha mwanzoni. Ikikosa kuvu, imekwisha. Ikimpata, bado itachukua miaka kabla ya kutoa ua. Ndiyo maana huwezi kulinganisha kuchimba okidi na kuchimba viazi mviringo, ambavyo Makete wanavijua kuliko mtu yeyote: kiazi mviringo unakirudisha shambani msimu huo huo.

Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha katika jarida la Oryx makadirio ya biashara hii. Walipata kwamba kutoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia huvuka kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 kila mwaka. Kila kiazi kilichovuka ni mmea mmoja usiokuwepo tena. Sababu ya viazi vya Tanzania kutafutwa ni kwamba kaskazini mwa Zambia zile okidi za karibu zilikwisha kupungua sana, na mji wa mpakani wa Tunduma una barabara kuu na reli ya TAZARA. Hifadhi ilipopatikana miaka miwili baadaye ilisaidia Kitulo. Lakini hifadhi ina mpaka, na nyasi za milimani zimeenea Njombe, Mbeya, Songwe mpaka Ufipa, mahali pengi ambapo askari wa hifadhi hana kazi ya kufanya kwa sababu si hifadhi.

Nilipoyasema haya kwa kifupi kwenye kikundi, nilijibiwa mambo mawili, na yote mawili yanastahili jibu zaidi ya lile nililotoa kwa haraka.

La kwanza liliandikwa na rafiki yangu wa Ndola, ambaye hoja zake huwa nzito: ninyi Watanzania mnatutaka tuache chakula cha bibi zetu kwa sababu ya maua ya Wazungu. Alikuwa na sababu ya kukasirika. Kila Februari katika jiji hili watu hupanga foleni Kew kuangalia maonyesho ya okidi kwenye nyumba ya vioo. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Kamerun, mwaka 2024 Madagaska. Okidi za Phalaenopsis, ambazo asili yake ni Asia, huzalishwa Uholanzi kwa mamilioni na kuuzwa kwenye supamaketi zetu karibu na mkate. Mtu mwenye okidi tatu dirishani akimwambia mwenzake asile chikanda, huyo mwenzake ana haki ya kucheka.

Ila nimkumbushe rafiki yangu kwamba kula okidi hakukuanza kwetu. Jiji hili hili la London, katika karne ya 18 na ya 19, lilikuwa na vibanda vya mitaani vya kinywaji cha moto kilichotengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi. Wachukuzi na wafanyakazi wa alfajiri walikunywa. Wenye jamaa Maskati au Dubai wanaijua sahlabu. Ni kitu kile kile, ila pakiti nyingi zinazouzwa leo ni wanga wa mahindi na vikolezo. Waturuki bado hutumia unga huo kwenye vinywaji na aiskrimu, na okidi zao zikapungua hadi serikali ikapiga marufuku kuuza unga huo nje. Hata jina okidi, walimu wangu wanisamehe, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya korodani, kwa sababu ya vile viazi viwili. Mgiriki alitazama kiazi kabla ya ua, kama alivyofanya Mbemba. Kwa hiyo sisemi kwamba kuila ni ushamba na kuitazama ni ustaarabu. Nasema tu kwamba kila mahali ambapo kiazi cha porini kilikuwa bidhaa ya miji, pori lilishindwa kuilisha miji hiyo.

Tofauti na zamani ni hiyo. Bibi wa Kasama aliyechimba vichache nyuma ya kijiji chake, kwa ajili ya sufuria yake, hakumaliza kitu. Lusaka ya leo haili kutoka nyuma ya kijiji.

Jibu la pili lilikuwa fupi zaidi: unga ule umeshachimbwa, tusipoula sisi utaliwa na wengine. Hili nalikataa kabisa. Kwa hoja hiyo mtu angeweza kununua pembe ya ndovu. Tena sisi ni chama. Tunapika mbele ya watu mia mbili, tunapiga picha, tunazituma. Mwakani watauliza tena kile chakula kizuri cha mwaka jana. Kuna na sheria vilevile. Okidi zote ziko chini ya Mkataba wa CITES, na okidi za chikanda ziko katika Kiambatisho cha Pili, ambacho kinahusu kiazi kibichi, kikavu na hata unga. Kuvusha mpaka kunataka kibali. Sijasikia aliyeahidi kuleta unga akitaja kibali, na sidhani tunamtendea haki tukimwacha akutane peke yake na afisa wa forodha kwa sababu ya sherehe yetu.

Hata hivyo, sheria siyo hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kwamba hakuna mtu mezani pale atakayeweza kusema kiazi kilitoka wapi. Watafiti wamechukua chikanda na viazi vya sokoni wakavipima kwa DNA, wakakuta mchanganyiko wa jenasi mbalimbali, Disa na Satyrium zikiwemo. Vikishatwangwa, aina iliyo nyingi na aina iliyobaki kwenye bonde moja tu huwa unga ule ule. Muuzaji hajui. Mpishi hajui. Mlaji ndiye wa mwisho kabisa kujua.

Sasa niseme jambo ambalo wahifadhi wa mazingira hawapendi kusikia. Kuweka askari na kukamata magunia Tunduma, peke yake, hakujatosha na hakutatosha. Anayechimba ni nani? Mara nyingi ni mama na watoto wake, na katika mnyororo mzima wa biashara wao ndio wanaopata fedha kidogo kuliko wote. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, na ni mwezi ambao okidi zimechanua, zinaonekana. Mtu aliyeambiwa mlima aliokuwa akilisha sasa ni hifadhi, akaona magari ya watalii yakipita kwenda kutazama maua, ana hesabu yake kichwani. Ukimwambia mmea huo una thamani kubwa ukiwa hai, atakuuliza thamani hiyo analipwa nani.

Jibu lenye maana kwake ni zao. Na kabla hamjasema okidi haiwezi kuwa zao, fungueni kabati la jikoni mtafute vanila. Vanila ni okidi. Asili yake Meksiko, na ilipopelekwa mbali na wadudu wake ilichanua bila kuzaa kwa muda mrefu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alionyesha namna ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole gumba, kazi ya sekunde chache. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo Madagaska, Komoro, Uganda na kwa wakulima wetu wa Kagera. Mabwana wenye elimu ya mimea walikuwepo. Aliyeipata njia ni mtoto aliyeshinda shambani. Pwani yetu wenyewe ina vanila ya porini, Vanilla roscheri, inayotambaa bila majani kama kamba ya kijani, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Na angalieni hili: CITES yenyewe imeyaondoa matunda ya vanila iliyopandwa katika orodha ya vitu vinavyohitaji kibali. Maana yake sheria ya kimataifa inajua kutofautisha shamba na pori. Haijafika kwa chikanda kwa sababu shamba la chikanda bado halijasimama. Mbegu za okidi za ardhini huoteshwa maabara, kwenye chupa, pamoja na kuvu wake au kwa kulishwa sukari, ujuzi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuutoa maabara na kuushusha kwenye kitalu cha kijiji, akivumilia miaka kadhaa ya kutopata kitu. Hiyo ni fedha na ni subira. Kew wamehifadhi mimea mikavu ya Afrika Mashariki kwa vizazi, wakachapisha Flora of Tropical East Africa kuanzia 1952 hadi ilipokamilika 2012, zaidi ya aina 12,000 za mimea. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini vijiji vinavyopakana na Kitulo havijapata kitalu kutokana nayo. Kama kuna siku kiazi cha chikanda kitauzwa kihalali, nataka wa kwanza kukiuza wawe watu wa Makete, kwa kibali chenye jina la kijiji, na wanunuzi wawe hao hao wa Lusaka. Rafiki yangu wa Ndola atakula, nami nitakula pamoja naye.

Lipo pia jambo moja ambalo chama cha Kiswahili kinaweza kulifanya bila maabara. Kamusi zetu zinatupa okidi na kuishia hapo. Moja ya Disa za milima yetu inaitwa Disa ukingensis. Mjerumani aliyeitaja alilibeba jina la Ukinga mpaka kwenye Kilatini, na sisi wenye Ukinga tunasema okidi tu, au ua la porini. Wakinga, Wasafwa, Wanyakyusa, Wabena na Wafipa wana majina yao, maana mtu hachimbi kwa miaka yote hiyo kitu asichokitofautisha na kingine. Tunao humu wanachama wenye bibi na shangazi wanaozijua lugha hizo. Tukusanye majina kwa simu, tuyaandike pamoja na maelezo: kinaota bondeni au mlimani, kinachanua mwezi gani, kinaliwa au hakiliwi. Mwalimu wetu wa isimu alishasema anatafuta mradi wa muhula ujao. Sharti langu moja ni kwamba tusichapishe mahali kamili panapoota, wala picha zenye alama ya ramani. Wachimbaji na wakusanyaji wa okidi adimu nao wana simu.

Narudi kwenye orodha ya kamati. Sipendekezi wenzetu wa Zambia wabaki bila meza. Wapike ifisashi, mboga za majani kwa karanga, na nshima. Karanga ni ile ile na sifa haitapungua. Kwa upande wa vitamu, dada mmoja mwenye asili ya Maskati amekubali kupika sahlabu ya wanga wa mahindi, na vanila ya Bukoba ninayo, gramu 50, nitaitoa bure. Pembeni pa sufuria hizo mbili tuweke karatasi yenye maelezo ya nusu ukurasa kuhusu chikanda, iandikwe na Mzambia na Mtanzania kwa pamoja. Rafiki yangu wa Ndola amesema ataiandika iwapo tu sentensi ya kwanza itasema kwamba ni kitamu. Nimekubali.

Kamati inakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni, chumba kile kile. Anayenipinga aje.